Nani Alikuwa Chini ya Jiwe

Ezron aliziba njia Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya mwanawe Lugano kurudishwa kutoka hospitali akiwa na hogo la plasta mguuni kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Alikata mikaratusi michanga, akailaza kati ya ukuta wa jiko na migomba, kisha akaifunga kwa waya wa miiba alioung'oa kwenye zizi. Zizi lenyewe halikuwa na kazi tena. Mtamba aliyekuwa akilala humo alikuwa ameuzwa kulipia matibabu, na pesa yake ilikwisha kabla Lugano hajaruhusiwa kutoka wodini.

Njia hiyo ilishuka kupitia shamba la migomba hadi kwenye mawe manne ya itale yaliyokaa juu ya chemchemi, makubwa kama nyumba, meusi upande wa kivuli na ya kijivu upande wa jua. Kwa miaka mitatu vijana kutoka Tukuyu, na wengine kutoka Mbeya, walikuwa wakija Suma kila Jumamosi wakiwa wamebeba magodoro mazito mgongoni. Waliyatandika chini ya mawe, wakapaka viganja unga mweupe, wakapanda kwa vidole na ncha za viatu, bila kamba. Mwanzoni watu wa kijiji walikuja kuwacheka. Baadaye walizoea. Vijana hawakuwahi kupita bila kubisha hodi, na hawakuwahi kuja mikono mitupu: mara sukari, mara sabuni, mara mchango wa njia aliopewa Tupokigwe, mke wa Ezron, mkononi.

Tupokigwe alisimama mlangoni mwa jiko na ndoo yake, akimtazama mumewe akikaza waya kwa koleo.

"Na mimi maji nitachotea wapi, Baba Lugano?"

Ezron hakugeuka. Alimwambia apite nyuma ya zizi, azunguke.

Tupokigwe alizunguka. Nyuma ya zizi kulikuwa na utelezi wa samadi, na mvua ya Aprili ilikuwa haijakata kwa siku kadhaa. Aliporudi na ndoo kichwani alianguka kwa goti, nusu ya maji yakamwagika. Ezron alimwona. Aliendelea kukaza waya.

*

Kesho yake Ezron alikwenda mjini kununua dawa za maumivu. Alipotoka duka la dawa miguu ilimpeleka yenyewe hadi karibu na soko, kwenye karakana ya Mzee Hashimu, fundi wa makochi.

Hashimu alikuwa amepita miaka sitini. Babu yake alitoka Kilwa na biashara ya nguo, akaoa Tukuyu, na tangu hapo ukoo ule ulikuwa wa mafundi. Siku hiyo alikuwa akigongelea kitambaa kwenye kochi la mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akisubiri. Mkewe, Mwanaharusi, alikuwa kwenye cherehani. Ukutani liliegemea godoro la kuangukia, ambalo fundi alilishona mwenyewe kwa sponji ya makochi na turubai kwa ajili ya binti yake Suad na wenzake.

Ezron hakusema shikamoo. Kwa mtu wa rika lake kumwendea mtu wa rika la Hashimu, hilo peke yake lilitosha kuwafanya wote wainue macho.

"Mwanao amenivunjia mtoto," alisema.

Hashimu aliweka nyundo chini, akamkaribisha ndani, akamwomba akae kwanza. Ezron akakataa kukaa. Akasema pale pale, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba Ijumaa asubuhi Suad na genge lake walimpandisha Lugano jiwe lililolowa, wakamwacha akaanguka. Akasema binti anayevaa suruali na kuning'inia kwenye mawe na wanaume ni binti aliyewashinda wazazi. Kama Hashimu ameshindwa kumfunga, yeye Ezron amemfungia njia. Kisha akalisukuma godoro kwa mguu, likaanguka kifudifudi kwenye vumbi la mbao, akaondoka.

Mwalimu alikaa kidogo, akatazama saa, akasema kochi si la haraka, atapitia siku nyingine. Hashimu alimsindikiza hadi barazani. Aliporudi alikuta mkewe amesimamisha cherehani, amemkazia macho. Wote wawili walikuwa wakijua jambo moja. Ijumaa asubuhi Suad alikuwa pale pale karakanani, akikata vitambaa vya foronya, tangu walipofungua hadi adhuhuri.

"Kwa nini hukumwambia?" Mwanaharusi aliuliza.

"Mtoto wake amelala na hogo. Ningemwambia nini mbele za watu? Kwamba mwanawe ni mwongo?"

Suad alipoambiwa jioni hakulia wala hakukasirika kama mama yake alivyotarajia. Alisema Lugano lazima alikuwa na sababu. Lakini Alhamisi alipata simu kutoka Suma. Kijana mmoja wa kule alimwambia kwamba Hosea, kaka yake Ezron, amekuja na mtu mwenye mashine ya kusagia kokoto, wanayapima mawe kwa kamba. Hapo alivua aproni ya kazi akamwambia baba yake anakwenda.

"Tutakwenda wote," Hashimu alisema. "Tukaombe radhi."

"Radhi ya nini, baba? Sikuwepo."

"Nani alimfundisha kupanda?"

Suad alikunja aproni. "Mimi."

"Basi hiyo ipo. Tutaanzia hapo."

*

Alhamisi hiyo hiyo, Tupokigwe alimpelekea mwanawe uji. Ezron alikuwa kule chini na wapimaji. Lugano alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, na kitanda kilikuwa kifupi, hivyo mguu wenye hogo uliwekwa juu ya gunia la maharage lililosogezwa ukutani. Kupitia dirishani zilisikika sauti za wanaume wakiitana vipimo.

Tupokigwe alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia mwanawe asikilize vizuri kinachofanyika huko nje.

Ni yeye aliyempata. Ijumaa ile alishuka kuchota maji kukiwa bado na ukungu, akasikia mtu anaguna. Alimkuta Lugano chini ya jiwe refu kuliko yote, mguu umepinda pasipopinda mguu. Hapakuwa na godoro. Hapakuwa na Suad wala mtu mwingine yeyote. Palikuwa na viatu vyake vya kupandia, unga mweupe uliogeuka uji kwenye mwamba uliolowa, na kando yake tenga la kuchumia chai likiwa tupu. Alfajiri hiyo baba yake alikuwa amemtuma shambani, kwa maana gari la kununua majani lilikuwa lipite. Na mwezi mmoja kabla Ezron alikuwa amesema mezani kwamba siku Lugano atakapoacha chai kwa ajili ya mawe, siku hiyo hiyo ahame nyumba yake. Watu wote wa nyumba ile walijua kwamba Ezron akisema neno hulitimiza hata likimuumiza mwenyewe.

Kwa hiyo Tupokigwe alilificha tenga chini ya majani makavu ya migomba kabla ya kupiga yowe la kuita watu. Ndani ya gari la kwenda hospitali, Ezron alipouliza walikuwa nani, Lugano akajibu kwa maumivu kwamba walikuwa wote, yeye na kina Suad. Mama alimsikia, akatazama nje.

"Wanataka kuyapasua," alisema sasa. "Na chemchemi ipo chini yake. Umelifikiria hilo?"

Lugano aliugeukia ukuta. Alisema baba akijua atamfukuza, na kwa mguu ule ataenda wapi.

"Na yule binti wa watu je? Baba yako amekwenda kumtukana baba yake mjini."

"Suad ataelewa. Halafu yeye haishi hapa, mama. Mimi ndiye ninayeishi hapa."

Tupokigwe alichukua kikombe cha uji ambacho hakikuwa kimeguswa. Kijana huyu alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki kati ya wanne. Alitoka nacho.

*

Mvua ilipozidi wapimaji walipanda kuja nyumbani. Hosea alikaa kwenye kochi kubwa kama mwenye nyumba. Mwenye mashine, mtu mpole wa kutoka upande wa Kiwira, aliacha buti zake mlangoni na kopo la rangi nyekundu kando ya buti. Alisema itale ile ni nzuri, ngumu, kokoto yake inatafutwa na wanaojenga barabara. Angeanza na mawe yote manne. Kilichobaki ni Ezron kukubali, maana matatu yalikuwa kwenye sehemu yake ya urithi.

Hosea alimsaidia kufikiri. Alimkumbusha zizi tupu. Akasema mtamba atarudi, na wa pili juu yake. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayesali, kwamba mawe yaliyomvunja mtoto wa mtu hayafai kuachwa yakikodolea nyumba macho. Ezron alisikiliza huku akisugua magoti. Miaka mitatu alimkatalia kaka yake jambo hilo. Sasa hakuona tena sababu ya kulikataa. Alikuwa amefungua mdomo kukubali, hodi ikabishwa.

Hashimu aliingia akiwa amelowa mabega, mkononi ana mfuko wa sukari na mkate kwa ajili ya mgonjwa. Suad alikuwa nyuma yake, amevaa gauni refu na ushungi. Alisalimia kwa kupiga goti. Hosea alipokea shikamoo yake. Ezron hakuipokea.

Viti vyote vilikuwa na watu, na hakuna aliyenyanyuka. Tupokigwe alitazama, akaona haya, akakimbilia jikoni akaleta kitu pekee alichokuwa nacho, kigoda cha kukalia wakati wa kumenya ndizi. Mzee Hashimu alikikalia. Magoti yake yalifika karibu na kifua, na ili azungumze na wenyeji wake ilimbidi ainue uso.

Alizungumza hivyo hivyo. Alisema amekuja kumpa pole Ezron na mama Lugano. Alisema mtoto wake ndiye aliyemfundisha mtoto wao mchezo huo, na kwa hilo anaomba radhi kama baba. Akaomba pia, kama nafasi ipo, jambo la mawe lisiamuliwe siku ya uchungu.

"Fundi," Hosea alisema, "umekuja kutoa pole au umekuja kutupangia mali yetu?"

Mwenye mashine alitazama soksi zake. Hashimu akasema amekuja kutoa pole.

Ndipo Suad akasogea, akapiga goti mbele ya Ezron kwenye sakafu ya saruji. Alisema anaomba msamaha kwa niaba ya wenzake wote. Walipaswa kumkazia Lugano kwamba jiwe lililolowa halipandwi, na kwamba mtu hapandi bila watu chini yake. Hawakumkazia vya kutosha.

Ezron aliacha kusugua magoti.

"Siku ile ulikuwa wapi alipoanguka?"

Macho ya Suad yalikwenda kwenye pazia la chumba cha Lugano. Pazia lilitulia kabisa, kama pazia la chumba chenye mtu aliyezuia pumzi. Kusema sikuwepo kungekuwa kumtaja Lugano mwongo ndani ya nyumba ya baba yake, akiwa kitandani.

"Baba," alisema hatimaye, "ningekuwa chini yake asingeumia."

"Kwa hiyo ulimwacha."

Suad aliinamisha kichwa. Hashimu, kwenye kigoda, alitia kidole kinywani akakiuma. Hosea aliguna, akamwambia mwenye mashine kwamba mambo sasa yako wazi, mvua nayo imepungua, anaweza kushuka kuweka alama. Mwenye mashine akanyanyuka. Akavaa buti moja. Akavaa ya pili. Akainama kuchukua kopo la rangi.

"Huyu binti hakuwepo."

Tupokigwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono imeshika mlango pande zote mbili. Hosea alimwambia kwa upole kwamba wanaume wanazungumza. Tupokigwe alisema amesikia. Kisha akatoka nje kwenye mvua, wote wakibaki wanatazamana, akarudi na tenga la chai lililojaa majani makavu na utando wa buibui, akaliweka katikati ya sebule.

Alieleza kwa maneno machache. Nani alikuwa chini ya jiwe: hakuna mtu. Nani alikuwa juu: Lugano, peke yake, chai akiwa ameiacha shambani. Nani alilificha tenga: yeye. Alipokuwa akisema Kiswahili chake kililegea kikaingia Kinyakyusa, akajirekebisha ili Hashimu na binti yake waelewe kila neno.

"Ulijua tangu Ijumaa," Ezron alisema.

"Tangu Ijumaa."

"Ukaniacha niende kwa mzee huyu nikasema niliyoyasema."

"Nilikuacha. Nilichagua mtoto."

Ezron alinyanyuka akaingia chumbani. Waliobaki walisikia swali moja lililosemwa chini chini, kisha sauti ya Lugano ikijibu kwamba ndiyo, ni kweli. Walisubiri kipigo, au kelele, au nguo kutupwa. Hakuna kilichosikika. Ezron alipotoka uso wake ulikuwa umezeeka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akakigeuza, akamwambia Hashimu, "Mzee, kaa hapa." Yeye mwenyewe akakaa kwenye kigoda.

Kisha akamwambia mwenye mashine aweke rangi chini.

Hosea alihoji kilichobadilika. Kama kijana alikuwa na watu au hakuwa nao, mguu umevunjwa na mawe yale yale. Ezron alijibu akiwa kule chini kwenye kigoda, bila kupandisha sauti.

"Mawe hayakumtuma aache chai, kaka. Wala hayakunituma mimi nikatukane watu."

"Na mtamba?"

"Mtamba amekwenda."

Hosea alihesabu ndani kwa ndani. Halafu akasema vizuri, ya Ezron ni ya Ezron, ila jiwe la nne liko upande wake wa mpaka, na hilo litapasuliwa. Ilikuwa kweli.

*

Jumanne iliyofuata Ezron alikwenda tena mjini. Alisubiri ng'ambo ya barabara hadi karakana ikawa na watu, ndipo akavuka. Alisema shikamoo kwa sauti ile ile aliyoitumia kutukana, na Hashimu akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kazi, ili mgeni asione aibu ya kutazamwa. Ezron aliomba radhi, kwanza kwa fundi, kisha kwa mama aliyekuwa kwenye cherehani. Mwanaharusi alichukua muda kuikubali. Mwalimu hakuwepo, na kochi lake halikuwahi kumaliziwa pale. Alikuwa ameshalipeleka kwa fundi mwingine.

Waya uliondolewa, lakini masharti yakawekwa, na aliyeyaweka ni Tupokigwe, amesimama mbele ya vijana kumi na kitu waliokuja kusikiliza. Wasipite jikoni, wapite nyuma ya zizi. Jiwe likilowa hakuna kupanda, hata wawe wametoka Arusha. Jumapili ni baada ya ibada. Mtu asishuke kule peke yake. Vijana walikubali, na kabla ya kupanda jiwe lolote walishinda siku nzima wakijenga ngazi za mawe nyuma ya zizi, pale penye utelezi.

Jiwe la Hosea lilipasuliwa Juni. Mashine ilinguruma wiki mbili, vumbi jeupe likakaa juu ya majani ya migomba, maji ya chemchemi yakawa kama maziwa. Kina Suad walikuja siku ya mwisho wakasimama wakitazama palipokuwa na jiwe. Baadaye waliinama wakaanza kutoa vifusi kwenye mkondo wa maji kwa mikono.

Ezron hakumfukuza mwanawe. Alichuma chai peke yake msimu ule, na kuhusu tenga hakusema tena neno. Aliyekuwa na neno moyoni ni Lugano. Alimwamkia mama yake asubuhi, akamshukuru kwa chakula, basi. Hogo lilipotolewa kifundo kilikuwa kimekakamaa, na daktari alisema huenda kikabaki hivyo. Tupokigwe alikanda mguu ule kwa maji ya moto kila jioni, na kila jioni mwenye mguu alitazama pembeni. Mama hakumwomba amsamehe. Alijua angelisema tena jambo lile lile, na mwanawe naye alijua.

Agosti, siku ya baridi na jua jembamba, alishuka na ndoo yake akawakuta vijana wametawanyika. Wengi walikuwa upande wa pili wa jiwe kubwa, wakishangilia mtu. Upande huu alikuwepo msichana mmoja tu aliyeitwa Lilian, mgeni kwenye mchezo, ambaye alikuwa ameanza kujaribu njia rahisi huku mwenzake aliyepaswa kumlinda chini amekimbilia kutazama. Alikuwa amefika juu kuliko alivyokusudia. Mguu mmoja ulikuwa ukitetemeka. Lugano alikuwa ameketi hatua kadhaa kutoka hapo na fimbo yake, akimwita mtu aje, lakini kelele za wale wengine zilimzidi, naye hakuweza kusimama haraka.

Tupokigwe alitua ndoo. Alipanda juu ya godoro kwa miguu yake yenye tope, akainua mikono yote miwili juu kuelekea kwa yule msichana, wima, kama mtu anayepokea mzigo kutoka kwenye lori.

"Siyo hivyo, mama," Lugano alisema.

Tupokigwe hakugeuka. Aliogopa kugeuka.

"Kunja viwiko kidogo. Vidole gumba vikae ndani, visije vikavunjika. Usimdake. Wewe mwelekeze mgongo tu, aangukie katikati ya godoro."

"Hivi?"

"Sogea kushoto."

Alisogea.

"Hapo hapo," Lugano alisema. "Usiondoke, mama. Anakuja."